Kocha, Jisikilize Kwanza: Mwongozo wa Wiki Sita wa Kujijua na Kuongoza Timu

Makocha wa mitaani wanaonijia na kilio cha "vijana hawanisikii" huwa wameshajaribu yaleyale. Wamefoka zaidi, haikusaidia. Wamebembeleza wiki moja, vijana wakawapanda kichwani. Mwisho wamembadilisha nahodha. Kisauni, Likoni, Changamwe, kote Mombasa nimewaona wakikwama palepale: wanashika kuirekebisha timu na wao wenyewe hawajui wanasikikaje wakiwa uwanjani. Kocha anaapa kupunguza ukali, na baada ya siku kumi amerudi kulekule, kwa sababu hajui ukali wake huanzia wapi, huja saa ngapi, na humwangukia nani.

Mwongozo huu unachukua wiki sita, kwa timu ya vijana inayofanya mazoezi mara tatu kwa wiki. Mimi ni wa kandanda, lakini hatua hizi zinafaa wavu, kikapu na magongo vilevile. Zifuate kwa mpangilio. Wengi huruka ya 1 na ya 2 kwa sababu zinauma, wakakimbilia kuchagua viongozi. Hao ndio hurudi kwangu baada ya mwezi na kilio kilekile.

## Andaa hivi kwanza

- Simu inayorekodi sauti. Hakikisha ina nafasi ya saa tatu hivi, na chaji ya kutosha.
- Soksi safi moja. Upepo wa pwani, kusi hasa, hufunika sauti yote. Simu ikivishwa soksi, maneno husikika.
- Daftari na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Mikebe miwili ya maziwa iliyo mitupu, kitambaa cha kuifunika, mchanga kidogo na mfuko wa visoda. Utaviona vina kazi gani kwenye hatua ya 4.
- Mtu mmoja wa kukutazama. Asiwe rafiki wa kukusifu, wala mzazi wa mchezaji wako. Mwalimu mstaafu anafaa sana. Kocha wa timu ya wasichana ya mtaa wa pili pia, maana hana haja na nafasi yako.
- Ruhusa ya wazazi. Sauti za watoto zitaingia kwenye simu yako, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka mzazi au mlezi aridhie. Waeleze ana kwa ana, uwaambie utaifuta lini, na uifute kweli.

## Hatua ya 1: Rekodi mazoezi mawili bila kubadilisha lolote (wiki ya 1)

Ivishe simu soksi, itie mfukoni, iwashe kabla ya kipenga cha kwanza na usiiguse hadi mwisho. Waambie vijana: "Wiki hii najirekodi mimi. Nataka kujua nafundisha vipi." Watacheka dakika tano kisha watasahau. Na wewe utasahau, na hapo ndipo rekodi inapoanza kusema kweli.

Kwa nini usitegemee kumbukumbu yako? Katika miaka ya 1970, Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walikaa kando ya viwanja vya besiboli ya watoto wakihesabu kila tendo la kocha: amesifu, ameelekeza, ameadhibu, amenyamaza. Baadaye wakawauliza makocha wenyewe huwa wanafanya nini, na wakawauliza watoto pia. Majibu ya watoto yalikaribia hesabu ile kuliko majibu ya makocha. Kocha hukumbuka alichokusudia. Mtoto hukumbuka kilichomfikia.

Tahadhari: Siku ya kwanza utajitia upole, hata usipotaka. Ndiyo maana nasema mazoezi mawili. Ya pili ndiyo yako halisi. Video sikushauri. Ukiwa na picha utatazama mpira, hutajisikiliza.

Utajua umefaulu ukiwa na rekodi mbili ambazo maneno yako yanasikika hata ukiwa katikati ya uwanja.

## Hatua ya 2: Sikiliza peke yako, kalamu mkononi (wiki ya 1)

Usisikilize usiku huohuo. Lala, kisha tafuta saa moja ya utulivu. Chukua dakika 20 za mwanzo wa mazoezi na 20 za mwisho, wakati umechoka.

Gawa ukurasa wa daftari nguzo nne, na kila unapofungua mdomo piga mstari mahali pake:

- Maelekezo: "Fungua mwili kabla mpira haujafika."
- Sifa: "Safi! Umeinua kichwa, umemwona."
- Lawama: "Hivi wewe una macho?"
- Makelele: "Haya, haya, twende, twende!" Ni maneno yasiyomwambia mtu afanye nini.

Kwa kalamu ya pili, andika pembeni kila jina unalolitaja na nguzo uliyolitajia.

Nitasema kilichonikuta, kwa sababu huenda kikakukuta. Nilikuwa na winga wa kushoto, kijana mkimya, niliyekuwa nikijisifu kwa watu kwamba namlea. Kwenye rekodi jina lake lilitokea chini ya lawama peke yake. Sikumwelekeza hata mara moja. Lakini lililonikosesha usingizi si hilo. Ilikuwa sauti yake. Kila nilipomkosoa alisema "sawa kocha" kabla sijamaliza sentensi. Nikairudisha rekodi nyuma mara kadhaa. Nilikuwa bado niko kwenye "ukipokea mpira u—" naye ameshasema sawa. Kijana hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akizima moto, na mimi miezi yote ile nilihesabu zile "sawa kocha" kuwa ni heshima.

Basi sikiliza na majibu yao pia. Jibu likija kabla ya maelezo kwisha, andika.

Usidhani dawa ni kumwaga sifa kutwa. Msimu wa 1974–75, watafiti Roland Tharp na Ronald Gallimore walimtazama John Wooden, kocha wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA, mmoja wa makocha walioshinda zaidi Marekani. Walirekodi matendo 2,326 ya kufundisha. Takriban robo tatu yalikuwa maelekezo. Sifa tupu hazikufika asilimia 7, na lawama vivyo hivyo. Kwa hiyo kwenye daftari lako tazama zaidi ile nguzo ya kwanza: je, imeshiba au imedhoofu?

Tahadhari: Utajitetea. Utasema "siku ile walikuwa wazembe kweli." Huenda walikuwa. Piga mstari tu, hoja zako ziache zisubiri.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja bila kutazama daftari: nguzo iliyojaa zaidi, wachezaji watatu uliowataja sana, na watatu ambao hukuwataja kabisa.

## Hatua ya 3: Tafuta hasira huanzia wapi (wiki ya 1 na ya 2)

Kwa wiki mbili, andika mistari miwili tu kila siku ya mazoezi. Kabla: "Nimefika saa ngapi, nimekula nini, nimetoka wapi, moyo uko vipi." Baada: "Nilipandisha sauti saa ngapi, kwa nani, baada ya nini." Usiandike insha, ukiandika insha utaacha siku ya nne.

Mimi navuka feri ya Likoni kwenda mazoezini. Kwa wiki mbili daftari lilinionyesha jambo ambalo nisingekubali kuambiwa na mtu: siku za foleni ndefu kivukoni, kwenye jua na msongamano, nilimfokea mtu ndani ya dakika kumi za kwanza. Vijana hawakuwa hata wameugusa mpira. Hasira nilivuka nayo.

Siku hizi nikifika nakaa chini ya mwarobaini ulio kando ya uwanja, nakunywa maji, na msaidizi ndiye anayepuliza kipenga cha kwanza. Dakika tano hizo zimeniokolea mengi kuliko semina.

Wengine vichochezi vyao ni tofauti: mzazi fulani akisimama kwenye mstari, kosa moja likirudiwa mara ya tatu, kufungwa na timu ya mtaa jirani. Miezi ya kaskazi, Februari na Machi hasa, joto lenyewe ni kichochezi. Na Ramadhani usisahau kwamba mwenye saumu si mchezaji peke yake. Kama nawe umefunga, mazoezi ya kabla ya magharibi yafanye mepesi na mafupi, au yasogeze usiku baada ya tarawehi.

Utajua umefaulu ukiweza kumaliza sentensi hii kwa ukweli: "Mimi hupandisha sauti pale ambapo…"

## Hatua ya 4: Waulize vijana kwa njia ambayo adabu haitawafunga mdomo (wiki ya 2)

Hapa ndipo makocha wengi wa kwetu hujidanganya. Wanawakusanya vijana, wanauliza "Je, mnanionaje?" na vijana wanajibu "Uko sawa, kocha." Mtoto wa Mombasa amelelewa asimkosoe mkubwa usoni. Hiyo ni adabu njema, usimlaumu nayo, lakini usiichukue kuwa ni jibu.

Kwa walio na miaka 13 na zaidi, wape karatasi zinazofanana na maswali matatu, bila majina:

1. Kocha akisema nini unacheza vizuri zaidi?
2. Kocha akisema au akifanya nini unataka kwenda nyumbani?
3. Ungekuwa wewe ndiye kocha, kesho ungeanza na nini?

Mtazamaji wako ndiye agawe na akusanye. Wewe ondoka uwanjani kabisa. Nenda kanunue mabuyu. Akishakusanya, akusomee kwa sauti yake au akuandikie upya, usizione hati zao.

Kwa wadogo, tumia visoda. Mkebe wa kwanza: "Nikikosea, kocha hunionyesha nifanyeje." Wa pili: "Nikikosea, naogopa." Kila mtoto apewe kisoda kimoja, apite mmoja mmoja, atie mkono chini ya kitambaa na kukiacha. Mimina mchanga ndani ya mikebe kwanza. Mara ya kwanza sikufanya hivyo. Visoda vikalia, kila mmoja akajua mwenzake ametia wapi, na walioko nyuma wote wakafuata mkebe wa aliye mbele.

Tahadhari: Usimtafute aliyeandika nini. Ukisema hata kwa mzaha "najua huyu ni fulani", hutapata ukweli tena kwa timu ile. Na kama karatasi inataja kupigwa, kushikwa vibaya au kutishwa na mtu yeyote, hilo halisubiri wiki ya tatu. Liwasilishe siku hiyohiyo kwa afisa wa watoto au polisi, hata kama anayetajwa ni mwenzako. Kupiga kama adhabu kumekatazwa na Katiba ya 2010, kifungu cha 29, na uwanja wa mpira haukuachwa nje.

Utajua umefaulu ukipata angalau jibu moja linalokuchoma. Yakija yote matamu, vijana bado hawana imani nawe. Rudia baada ya wiki mbili.

## Hatua ya 5: Chagua tabia moja tu (wiki ya 3 na ya 4)

Sasa una daftari, una vichochezi, una majibu. Utatamani kubadilisha kila kitu. Chagua moja: ile inayotokea mara nyingi na iliyotajwa na vijana.

Iandike kwa muundo huu: *likitokea hili, nitafanya hili badala ya lile.* Mfano wangu: "Mchezaji akipoteza mpira, nitafunga mdomo hadi mpira utoke nje au mchezo usimame, kisha nitamwita jina na kumpa elekezo moja." Mfano wa mwenzangu wa mpira wa wavu: "Nikitaka kusema 'wewe', nitasema jina."

Kuapa "nitakuwa mvumilivu" hakukuambii mdomo wako ufanye nini sekunde ile mpira unapopotea. Kuandika "nitafunga mdomo hadi mpira utoke" kunakuambia.

Mwambie mtazamaji tabia uliyochagua, naye aje siku moja kwa wiki. Kazi yake ni kuhesabu mara ulizofaulu na mara ulizoshindwa. Maoni mengine ayaweke.

Anayeona hili ni dogo azingatie kwamba Smith na Smoll walitengeneza mafunzo mafupi kwa makocha, yenye msingi wa kujitazama na kubadilisha vitendo vichache vya namna hii. Katika utafiti uliochapishwa 1992, timu za makocha waliofunzwa zilipoteza asilimia 5 ya watoto msimu uliofuata. Timu za wasiofunzwa zilipoteza asilimia 26. Kwa timu ya vijana 20 mtaani kwako, tofauti hiyo ni watoto wanne hivi ambao jioni wangekuwa mahali pengine.

Utajua umefaulu mtazamaji akikuonyesha mara za kufaulu zinazidi za kushindwa. Usingoje ukamilifu.

## Hatua ya 6: Ulipokosea mbele za watu, omba radhi mbele za watu

Hatua hii haina wiki yake. Itakuja yenyewe.

Niliwahi kumfokea kipa kwa kuchelewa, mbele ya timu nzima na kaka yake. Baadaye nikajua ustadhi aliwachelewesha chuoni, kwenye madrasa. Kipa hakujitetea, kwa sababu mimi sikumpa nafasi. Waswahili husema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mazoezi yaliyofuata, kabla ya kupasha mwili, nilisema: "Jumanne nilikufokea kuhusu kuchelewa. Sikukuuliza sababu. Nilikosea, naomba radhi." Kisha tukaanza mazoezi.

Sema kosa, sema ulilopaswa kufanya, omba radhi, nyamaza. Ukiongeza "lakini nanyi pia…" umeifuta yote. Na usimpe zawadi wala namba ya kuanza mechi kama fidia. Utamtia aibu ya pili.

Makocha huniuliza kama hilo haliwaondolei heshima. Kwangu kipa yule alianza kunipigia simu anapochelewa. Kabla ya hapo hakuwahi.

## Hatua ya 7: Nyamaza dakika kumi, uone nani anaongoza (wiki ya 4 na ya 5)

Wapange wacheze saba kwa saba. Mpe msaidizi kipenga. Simama nyuma ya goli, mikono nyuma, usiseme neno kwa dakika kumi. Waambie mapema kwamba utanyamaza, ili wasidhani umekasirika.

Dakika mbili za kwanza kutakuwa na fujo. Vumilia. Kisha sikiliza: nani anapanga ukuta wakati wa mpira wa adhabu? Nani anamwinua aliyeanguka? Nani anapiga kelele bila kusaidia? Andika majina. Mara nyingi anayeongoza si yule uliyemvisha kitambaa cha unahodha. Kwetu alikuwa beki mfupi ambaye sikuwa nikimpanga kila mechi.

Rudia mara tatu ndipo ugawe kazi, na kazi iwe ya kweli: mmoja apashe timu mwili bila wewe kusimama pale, wawili washughulikie maji na koni, mmoja aketi na mgeni wa timu wiki yake ya kwanza. Nahodha mpe haki moja ambayo hutaingilia, kwa mfano kuamua nani anapiga penalti. Akikosea, usimnyang'anye mbele ya wenzake. Ukimnyang'anya, timu yote imejua kwamba ulimkopesha tu.

Utajua umefaulu siku utakayochelewa dakika kumi na kukuta wameshaanza.

## Hatua ya 8: Siku ya mechi (wiki ya 5)

Kabla ya mechi, andika kwenye kikaratasi mambo mawili tu unayotaka kuyaona. Hayo ndiyo utakayozungumza mapumzikoni. La tatu liache kwa mazoezi.

Mapumzikoni vijana wakae kivulini na wanywe maji kwanza. Nawe kunywa. Usiseme lolote hadi umemaliza chupa ndogo. Itakuchukua kama dakika mbili na hiyo ndiyo nia. Kisha waulize wachezaji wawili, "Mnaona nini huko?" Halafu mambo yako mawili. Basi.

Refa ni mtihani wa aina yake. Ukimtukana, umewapa vijana 20 ruhusa ya kumtukana. Mpe nahodha pekee kazi ya kuzungumza naye, wewe zungumza naye baada ya mechi, kwa utulivu.

Kama una jioni moja, nenda uwanjani timu ya Bandari ya Mombasa inapocheza nyumbani, ukae karibu na mabenchi, na kwa dakika kumi usitazame mpira kabisa. Watazame makocha wote wawili. Wanageukia nani baada ya kosa? Mikono yao inasema nini? Ni vigumu kuliko unavyodhani kuuacha mpira, lakini ukiweza, utarudi nyumbani ukijua mwili wako nao huongea.

Utajua umefaulu ukiwauliza wachezaji watatu baada ya mechi "Nilisema nini mapumzikoni?" na wote wakataja yaleyale mawili.

## Hatua ya 9: Rekodi tena (wiki ya 6)

Soksi ileile, saa ileile, mazoezi mawili. Weka mistari kwenye nguzo zilezile, ukurasa unaotazamana na ule wa kwanza. Mtazamaji naye asikilize dakika 20 na apige mistari yake kando. Mkitofautiana sana, chukua hesabu yake. Kisha futa rekodi zote nne kama ulivyowaahidi wazazi.

Usitarajie lawama ziishe. Tazama kama maelekezo yamepanda, makelele yamepungua, na kama majina ya wale watatu uliowasahau yameanza kutokea. Kama hakuna kilichosogea, rudi hatua ya 3, kwa sababu pengine ulichagua tabia ambayo si chanzo.

Kisha tafuta mahali unapomkosoa mchezaji na usikilize jibu lake. Winga wangu wa kushoto, kwenye rekodi ya wiki ya sita, nilimwambia ashuke kumsaidia beki. Kukawa na kimya kidogo, upepo tu kwenye soksi. Halafu akasema, "Nishuke hadi wapi, kocha? Nikishuka sana, mpira utapokewa na nani?"